Kutengeneza trela la njia mbovu lenye maputo ya hewa na magurudumu yanayojitegemea: mwongozo kamili

Ukitoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, barabara ya vumbi hujikunja mawimbi madogo madogo kama mgongo wa bati, na mawimbi hayo huua trela kuliko mashimo makubwa. Shimo dereva huliona akapunguza mwendo, lakini mawimbi hupiga magurudumu bila kupumzika, na trela lenye springi za vyuma bapa zilizokusudiwa kubeba tani moja, likiwa na mahema mawili na jiko la gesi tu, huruka badala ya kubingirika. Springi ile ni ngumu mno kwa mzigo mdogo, na haina namna ya kulegezwa. Hapo ndipo hewa inapoishinda: mzigo ukipungua unapunguza upepo, mzigo ukiongezeka unaongeza upepo, na trela linabaki katika kimo kilekile na karibu katika ulaini uleule.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuchomelea vizuri, au anayefanya kazi bega kwa bega na fundi anayejua. Trela ninaloeleza lina gurudumu moja kila upande, uzito wake wa juu ni kilo 1,200 pamoja na mzigo, na linavutwa na Land Cruiser au Hilux. Namba zote ni za trela hilo. Ukibadilisha uzito au urefu wa mikono ya chuma inayoshika magurudumu, rudia hesabu, usinakili matokeo. Kabla ya kukata chuma, nenda pia ukaulize masharti ya kusajili trela lililotengenezwa karakana, TRA (mamlaka ya mapato) kwa aliye Tanzania na NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa aliye Kenya, kwa sababu ni rahisi kubadilisha mchoro kuliko kubadilisha trela lililokwisha kupakwa rangi.

Kazi ya puto na mipaka yake

Puto la hewa ni mpira mnene wenye nyuzi ndani yake, uliofungwa kwa vyuma juu na chini, kama yale yaliyo chini ya mabasi na malori makubwa ila ni dogo zaidi. Kazi yake ni moja tu, kubeba uzito. Haliongozi gurudumu, halizuii mtikisiko usiendelee, na halijui lisimame wapi linapobanwa au linapovutwa. Karibu kila trela la hewa la kienyeji nililoona limeharibika, aliyelijenga alikuwa ameliachia puto mojawapo ya kazi hizo tatu. Kwa hiyo kila gurudumu linahitaji mkono wa chuma wa kuliongoza, shokapu ya kutuliza mtikisiko, na vizuizi viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Vitu hivyo unaweza kuvitengeneza au kuvikusanya mwenyewe. Puto lenyewe nunua jipya kutoka kwa mtengenezaji anayetoa karatasi ya vipimo vyake, na usijaribu kuunda mbadala kwa tyubu au mpira wa aina nyingine. Kitu chenye shinikizo kubwa kikipasuka karibu na uso wa mtu hakitoi onyo.

Namna rahisi kuliko zote ya kuongoza gurudumu ni mkono unaoburutwa: mkono umeshikwa mbele kwenye egemeo lililo chini ya fremu, nao unaelekea nyuma hadi kwenye gurudumu, hivyo gurudumu hupanda na kushuka kwa duara. Egemeo likiwa sawasawa na upana wa trela, yaani kwa pembe mraba na mwelekeo wa safari, gurudumu halipindi wala halilali linapopanda. Wajenzi wa Australia, ambako watu huvuta matrela ya kambi katika barabara kama Gibb River Road, wamelitumia umbo hili kwa miaka mingi, na sababu yake ni kwamba linasamehe makosa ya fundi kuliko maumbo mengine.

Hesabu kabla ya chuma

Anza na uzito. Kati ya kilo 1,200, takriban asilimia 10, yaani kilo 120, zitakaa kwenye kiungo cha kuvutia nyuma ya gari. Zinabaki kilo 1,080 juu ya magurudumu, sawa na 540 kila upande. Toa uzito wa gurudumu, habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), breki na sehemu ya mkono, ambao puto halibebi. Kadiria kilo 60. Kilo 480 ndizo zinazobebwa na puto kila upande, ila haziliangukii moja kwa moja. Mkono wetu una milimita 600 kutoka egemeo hadi katikati ya gurudumu, na puto limekaa milimita 450 kutoka egemeo. Kwa kuwa puto liko karibu zaidi na egemeo, linasukumwa kwa nguvu kubwa zaidi: 480 mara 600 gawanya kwa 450, unapata kilo 640.

Sasa shinikizo. Tuseme puto ulilochagua lina kipenyo cha kazi cha milimita 150 katika kimo cha safari, yaani kimo chake trela likitembea kawaida. Eneo lake ni takriban sentimita za mraba 177. Kilo 640 ukizigawanya kwa 177 unapata kilo 3.6 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo kwa geji ya mtu wa tairi ni kama psi 51. Rudia hesabu hiyohiyo trela likiwa tupu, kilo 500 kwa jumla, na utapata kama psi 18. Chukua namba hizo mbili uzilinganishe na karatasi ya mtengenezaji. Ya juu inapaswa kuwa chini sana ya kikomo chake, ambacho kwa maputo mengi ya aina hii ni psi 100. Ya chini isishuke chini ya kiwango cha chini anachoruhusu, kwa kuwa puto lenye upepo mdogo mno hujikunja vibaya na kujiuma lenyewe. Puto dogo la kipenyo cha milimita 125 lingehitaji kama psi 74 kubeba mzigo uleule. Linawezekana, lakini mimi napendelea kubwa lenye upepo mdogo, kwa sababu viungo vyote vya hewa vinaishi kwa raha zaidi.

Halafu mwendo wa juu na chini. Nataka gurudumu lipande milimita 100 na lishuke milimita 100 kutoka kimo cha safari. Kwenye puto, mwendo huo ni robo tatu yake, yaani milimita 75 kila upande. Puto lenye kimo cha safari cha milimita 200 litabanwa hadi 125 na kuvutwa hadi 275. Kwa hiyo tafuta ambalo likibanwa kabisa halizidi 115, na likinyooka kabisa linafika 290 au zaidi, ili vizuizi vyako vya chuma na mpira vifike kabla mpaka wa puto lenyewe haujafika.

Mchoro wa chaki sakafuni

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo iliyoniokoa mara nyingi kuliko nyingine. Fagia sakafu ya saruji, uchore kwa chaki ubavu wa trela kwa ukubwa wake halisi. Tairi la 7.50R16 na lile la 265/75R16 yote yana kipenyo cha karibu milimita 805, na likibeba mzigo, katikati yake hukaa kama milimita 385 kutoka ardhini. Weka egemeo juu kidogo kuliko hapo, tuseme milimita 445, ili mkono uteremke kuelekea nyuma: gurudumu likigonga jiwe litapanda huku likirudi nyuma, na kipigo hupungua makali. Kata mkono wa plaiwudi, upigilie msumari kwenye egemeo, uuzungushe polepole kutoka chini hadi juu huku ukichora puto, shokapu na tairi katika kila kituo.

Hapo utagundua mambo ambayo hesabu haikukuambia. Kwa vipimo hivi, juu ya mkono penye puto ni milimita 437 kutoka ardhini, na ukiongeza puto la milimita 200 unafika 637, maana yake upande wa chini wa fremu uko juu kuliko ulivyodhani na kishikio cha egemeo kitaning'inia karibu milimita 190 chini ya fremu. Hiyo ni nyenzo ndefu, na breki au jiwe likiupiga mkono, kishikio ndicho kitakachopinda. Wapo wanaolikwepa hili kwa kuliinua puto ndani ya mnara uliochomelewa ubavuni mwa fremu, nao hupata trela la chini zaidi. Mimi hukubali kimo hicho, kisha huunganisha kishikio cha kushoto na cha kulia kwa bomba moja linalopita chini ya trela zima, na kila kishikio hukiongezea chuma cha mshazari kinachorudi kwenye fremu.

Mikono na egemeo

Gurudumu likiangukia shimoni, mzigo unaweza kufika mara 3 ya ule wa kusimama, kwa hiyo mkono haupimwi kwa kilo 540 bali kwa kilo 1,600 na zaidi. Bomba la mraba la milimita 75 kwa 75 lenye unene wa milimita 5 linatosha kwa trela hili na kubakiza akiba. Lenye unene wa milimita 3 linaonekana sawa dukani na ni jepesi mfukoni, lakini tatizo lake haliko kwenye kupinda tu: gurudumu limekaa pembeni ya mkono, hivyo kila kipigo huusokota mkono kama nguo inayokamuliwa, na bomba jembamba hupasuka kandokando ya kiungo cha kuchomelea, si katikati yake.

Kwa sababu hiyohiyo ya kusokotwa, mkono hauwezi kushikwa na bushi moja, yaani kile kipande cha mpira na chuma ambacho bolti ya egemeo hupita ndani yake. Chomelea mbele ya mkono bomba la kulala, na uweke bushi mbili zenye umbali wa angalau milimita 300 baina yake, kisha uongeze kipande cha mshazari kutoka bushi ya ndani hadi katikati ya mkono, upate umbo la pembetatu. Bushi za mpira za mikono ya nyuma ya Land Cruiser 80 zinapatikana katika maduka mengi ya vipuri, na uzuri wake ni kwamba zikichakaa hata mji mdogo utakuwa nazo. Nenda nazo kwa fundi wa kukereza akutengenezee nyumba zake kwa kipimo cha kubana kamili. Usijaribu kulitanua bomba la kawaida kwa faili. Bolti iwe ya daraja 8.8 au zaidi, na ishikwe na vibao viwili, kimoja kila upande wa bushi. Bolti inayoshikwa upande mmoja tu itapinda, ni suala la siku.

Bushi za mpira uliogandishwa kwenye chuma zina tabia moja ambayo huwashangaza wengi. Mpira hauzungushwi juu ya bolti, bali hujisokota. Ukikaza bolti mkono ukiwa unaning'inia, kisha ukashusha trela, mpira utabaki umesokotwa maisha yake yote na utachanika mapema. Kwa hiyo funga bolti kwa vidole tu, shusha trela likae kwenye kimo cha safari, ndipo ukaze kwa nguvu.

Kuhusu kuchomelea: kwa mikono, vishikio na drobaa (nguzo ya mbele inayovutwa na gari) mimi hutumia rodi za E7018 za milimita 3.2, kwa ampea 110 hadi 130 kutegemea mashine. Rodi hizi hazitaki unyevunyevu, na zile zinazouzwa moja moja kutoka kwenye boksi lililokaa wazi dukani tangu masika hazifai kwa kazi hii. Zipashe moto au nunua pakiti iliyofungwa. Rodi za E6013 ziachie mwili wa trela, matapali (vikinga-tope vya nyuma ya magurudumu) na ndoano za kamba. Chomelea vipande vifupi ukibadilisha upande, kwa sababu mkono uliochomelewa upande mmoja mfululizo utajivuta, na utaligundua hilo tairi litakapoanza kulika ukingo mmoja.

Fremu na drobaa

Hapa sina mengi. Bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50 lenye unene wa 3 kwa fremu na 4 kwa drobaa yenye umbo la herufi A linatosha, mradi miguu ya drobaa ipite chini ya fremu hadi karibu na vishikio vya egemeo badala ya kuishia kwenye bomba la mbele. Upana kati ya magurudumu uwe sawa na wa gari linalovuta, ili katika mchanga matairi ya trela yapite kwenye njia iliyokwisha kukandamizwa. Magurudumu yenyewe yawe ya aina moja na ya gari: Hilux nyingi na Land Cruiser za zamani hutumia bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7, ilhali Land Cruiser 70 mpya zina bolti 5 kwenye milimita 150, kwa hiyo hesabu nati kabla ya kununua habu. Tairi moja la spea likitumika pande zote mbili, umejipunguzia mzigo na wasiwasi.

Mahali pa magurudumu ndipo panapoamua uzito wa kwenye kiungo cha kuvutia. Ikiwa kutoka kiungo hadi katikati ya magurudumu ni milimita 2,800, kitovu cha uzito kikae milimita 280 mbele ya magurudumu ili upate asilimia 10. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100 kamili, na likikaa nyuma kabisa linaweza kuifuta hesabu yote na kulifanya trela litikise mkia barabara ya lami. Liweke juu ya magurudumu au mbele yake kidogo, ili hata likiisha maji trela lisibadilike tabia.

Kupanga magurudumu

Usichomelee vishikio vya egemeo moja kwa moja. Vishike kwa nukta ndogo ndogo, funga mikono na habu, kisha pima. Chukua uzi wa fundi mwashi, ufunge katikati kabisa ya kiungo cha kuvutia, uuvute hadi katikati ya spindeli (mhimili mfupi wa habu) ya kushoto, utie alama kwa wino, halafu uupeleke kulia. Alama ikipishana kwa zaidi ya milimita 3, trela litatembea kiubavu kama kaa. Nilipofanya hivyo kwenye trela la pili nilipata tofauti ya milimita 11, ingawa kila kishikio nilikuwa nimekipima mara mbili kwa futi. Fremu ndiyo iliyokuwa imejivuta kwa joto la kuchomelea, na futi haikuwa na namna ya kuniambia.

Baada ya hapo pima umbali kati ya matairi upande wa mbele na upande wa nyuma, katika kimo cha spindeli. Namba hizo ziwe sawa, au mbele pawe pembamba kwa milimita 1 hadi 3. Mbele pakiwa papana zaidi, trela litayumba. Ndipo uchomelee kikamilifu, kisha upime tena.

Kufunga puto, shokapu na vizuizi

Kazi zote za kuchomelea ziishe kabla puto halijatoka kwenye boksi lake. Cheche moja ya moto hutoboa tundu lisiloonekana, na utalitafuta kwa wiki mbili.

Vibao vya juu na chini viwe na unene wa angalau milimita 6, na viwe vipana kuliko chuma cha puto, kwa maana ukingo usioegemea kitu hukunjika. Kwa kuwa mkono unazunguka, kibao cha chini hubadilisha pembe. Kichomelee ili vibao viwili viwe sambamba katika kimo cha safari, hivyo mwinamo ugawanyike juu na chini. Acha nafasi ya milimita 25 kuzunguka puto likiwa limejaa, usisahau kwamba hutanuka ubavuni, na mbele yake weka kipande cha mpira mnene kama cha matapali, kwa sababu matairi ya gari hurusha kokoto nyuma moja kwa moja.

Shokapu iwe ndefu ya kutosha kiasi kwamba mkono ukifika juu kabisa bado imebaki na milimita 15 za kubanwa, na ukifika chini kabisa vilevile. Iweke karibu na gurudumu iwezekanavyo ili ipate mwendo mrefu. Kizuizi cha juu ni kipande cha mpira mgumu kinachogonga fremu puto likiwa bado na milimita 125, nacho kina kazi ya pili: puto likipasuka, trela hukaa juu yake na unaweza kutembea polepole hadi penye msaada. Kizuizi cha chini ni mkanda wa nailoni au mnyororo kati ya mkono na fremu. Trela langu la kwanza halikuwa nacho. Nililiinua kwa jeki kubadili tairi, mkono ukaning'inia kwa uzito wake wote, na puto likachomoka kwenye chuma chake cha chini kwa sauti kama ya chupa ya soda. Ilikuwa mchana, na sikuwa na puto la akiba.

Mfumo wa hewa

Kila puto liwe na mrija wake na valvu yake. Kuyaunganisha maputo kwa kiungo cha T ili kuokoa valvu moja ni kosa ambalo nimelifanya mwenyewe. Tulikuwa tunapita ubavu wa kilima karibu na Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, trela likainama kidogo upande wa bondeni kama inavyotarajiwa. Lakini puto la bondeni lilipobanwa lilisukumia hewa yake kwenye puto la juu, la juu likavimba, trela likazidi kuinama, na hewa zaidi ikahama. Tulilishikilia kwa kamba watu watatu huku wa nne akiendesha.

Kompresa ya volti 12, mtungi na swichi vinavutia, lakini kwa trela la kwanza ninashauri valvu mbili za kawaida kama za tairi, zilizofungwa ubavuni zisipopigwa na mawe, na pampu ileile unayojazia matairi. Vitu vichache, vya kuharibika vichache. Mrija uwe wa nailoni wa milimita 6 au 8 unaouzwa kwa ajili ya breki za malori. Ukate kwa wembe ulionyooka, kwani koleo huubana ukawa yai na kiungo hakitaziba. Upitishe juu ya fremu, mbali na ncha kali, na uache ulegevu unaouwezesha mkono kushuka kabisa bila kuuvuta.

Jaza hadi psi 60, paka kila kiungo maji ya sabuni, na uangalie kwa subira: uvujaji mkubwa hutoa povu papo hapo, ule mdogo hutoa kipovu kimoja kama kichwa cha pini baada ya dakika nzima. Acha trela lilale usiku kucha likiwa na mzigo. Ukilikuta asubuhi limeshuka milimita chache, usianze kufungua viungo. Hewa iliyojazwa mchana kwenye nyuzi 35 ikipoa hadi 12 hupungua ujazo kwa kama asilimia 7, na kwa mzigo uleule puto hufupika badala ya kupoteza shinikizo, hivyo trela lote hushuka karibu milimita 20. Likirudi juu jua likipanda, hakuna kinachovuja.

Habu, breki na kiungo cha kuvutia

Beringi za habu zichague kwa namba inayopatikana popote, si kwa ubora wa kinadharia. Kaza nati huku ukizungusha habu, ilegeze, kisha uikaze tena kwa vidole tu na uweke pini. Habu izunguke kwa uhuru na uisikie ikicheza kwa mbali mno unapoitikisa. Breki za umeme za volti 12 zinaufaa mfumo huu, maana waya hupindika na mkono bila shida. Zile za kusukumwa na uzito wa trela hushika zenyewe unaporudi nyuma au unapoteremka mlima mrefu, na katika njia mbovu zinachosha.

Tufe la chuma la kuvutia la milimita 50 halifai, kwa sababu gari likiingia bondeni huku trela likiwa limelala upande mwingine, kikombe chake hufika mwisho na kujaribu kujing'oa. Ndoano na pete ya kijeshi, kama ile ya matrela ya Sankey yaliyokuwa yakivutwa na Land Rover za jeshi la Uingereza, hugonga kwa kelele lakini huzunguka pande zote. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya drobaa, ili drobaa ikichomoka iangukie juu yake na si ardhini.

Majaribio

Pakia trela kwa mapipa ya maji hadi lizidi uzito wake wa juu kwa robo, likiwa limesimama. Maji ya pipa la lita 200 ni kilo 200, na uzito wa pipa lenyewe huongezwa juu yake. Pima kimo kila pembe, angalia viungo vya kuchomelea kwa tochi, kisha punguza mzigo na uende kilomita 5 polepole. Simama, weka kiganja kwenye kila habu. Joto unaloweza kulivumilia ni sawa. Habu inayokufanya uondoe mkono ina beringi iliyobanwa au breki inayoshika. Kaza nati za magurudumu hapo, tena baada ya kilomita 50, na bolti za egemeo baada ya safari ya kwanza ya vumbi.

Kwa wino usiofutika andika ndani ya kifuniko cha valvu shinikizo la trela tupu, la nusu mzigo na la mzigo kamili, kama ulivyolipima mwenyewe kimo kikiwa sawa. Katika sanduku la vifaa weka puto moja la akiba, mita mbili za mrija, viungo viwili na wembe. Kubadilisha puto porini, trela likiwa limekalia kizuizi chake na jeki ikiwa chini ya fremu, huchukua kama dakika 40, na sehemu kubwa ya muda huo ni kutafuta bapa la jiwe la kuwekea jeki.